KUSOMA RAMANI YA KALE YA BANDARI: KILWA NA MABAHARIA WA KIFARANSA

Ramani ya nchi kavu humwonyesha msafiri njia ya kupita. Ramani ya bahari ina kazi nyingine: humwonyesha nahodha mahali ambapo chombo chake hakitavunjika. Barabara huonekana kwa macho, lakini mwamba ulio chini ya maji hauonekani. Kwa hiyo ramani ya bahari ni maandishi ya vipimo kwanza, ndipo iwe mchoro. Kila tarakimu iliyoandikwa juu yake iliwahi kupimwa na mtu kwa kamba, kwa dira au kwa jua, na ikiwa mtu huyo alikosea, waliomfuata walilipa kwa mali zao au kwa maisha yao.

Makala haya yanaeleza namna ya kusoma ramani za bahari za Wafaransa za karne ya 18, na bandari iliyochaguliwa kuwa mfano ni Kilwa Kisiwani. Mahali pa kufanyia majaribio pamechaguliwa mbali kabisa na bahari: Mpemba, katika Mji wa Tunduma, Mkoa wa Songwe, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia. Uchaguzi huo haukufanywa kwa mzaha. Mpemba na Kilwa zinakaribiana sana kwa latitudo, lakini zinatofautiana sana kwa longitudo. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa Mpemba, akiwa na fimbo, kamba na saa, aweza kuelewa vizuri shida iliyowasumbua mabaharia kwa muda wa miaka mia tatu.

Bandari ya Kilwa

Kilwa Kisiwani ipo katika latitudo ya karibu 8°58' kusini ya Ikweta na longitudo ya karibu 39°30' mashariki ya Greenwich. Kisiwa hicho kiko mbele ya rasi ya Kilwa Masoko, na katikati yao umo mlango wa maji yenye kina kikubwa. Upande wa kusini viko visiwa vingine, vikiwamo Sanje ya Kati na Songo Mnara.

Kina hicho kina historia yake. Yapata miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kuwa barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini ya huu wa leo kwa zaidi ya meta 100. Mito ya pwani ilichimba mabonde kuifuata bahari iliyorudi nyuma. Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda na kuyafunika mabonde hayo. Bandari ya namna ya Kilwa ni bonde lililozama. Matumbawe yamejenga miamba pande zote penye maji safi na mwanga, na mikoko imeota penye matope. Lakini mkondo wenyewe umebaki na kina. Ndiyo sababu vyombo vikubwa viliweza kuingia na kutia nanga humo vikiwa vimekingwa na mawimbi.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Wareno waliuteka mji mwaka 1505, wakajenga ngome, kisha wakaondoka mwaka 1512. Wafaransa walikuja baadaye sana, nao walitoka katika visiwa vya Bahari ya Hindi walivyovitawala: Île de France, ambacho leo ni Morisi, na Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion. Katika visiwa hivyo palikuwa na mashamba makubwa, na wenye mashamba walitaka watumwa. Mwaka 1776 nahodha mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, alifanya mkataba na Sultani Hassan wa Kilwa. Katika mkataba huo Morice aliahidiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa bei ya piastre 20 kwa kila mtu, na Sultani naye alipewa zawadi ya piastre 2 kwa kila mtu aliyeuzwa.

Hapo ndipo umuhimu wa ramani unapoonekana. Merikebu iliyokuja kuchukua shehena ya namna hiyo ilipaswa kujua mahali mlango wa bandari ulipo, kina chake, na mahali pa kutia nanga. Elimu iliyochorwa kwa makini katika karatasi ilikuwa na faida kwa nahodha, na hasara kubwa kwa watu waliopakiwa.

Mtengenezaji wa ramani

Kitabu cha ramani kilichotumiwa sana na manahodha wa Kifaransa katika Bahari ya Hindi kiliitwa Le Neptune Oriental. Mtungaji wake alikuwa Jean-Baptiste d'Après de Mannevillette, aliyezaliwa mwaka 1707 na kufariki mwaka 1780. Alikuwa nahodha wa Kampuni ya Kifaransa ya Bahari ya Hindi. Toleo la kwanza la kitabu chake lilitoka mwaka 1745, na toleo la pili, lililosahihishwa na kuongezwa sana, lilitoka mwaka 1775. Tangu mwaka 1762 alisimamia hazina ya ramani katika bandari ya Lorient, ambako manahodha waliorudi safarini walileta taarifa na michoro yao.

Kazi yake kubwa ilikuwa kulinganisha. Nahodha mmoja alileta kipimo hiki, mwingine kipimo kile, naye alipaswa kuamua kipi kiaminiwe. Baada ya uamuzi huo mchoro ulichongwa kinyume juu ya bamba la shaba, ukapakwa wino na kugandamizwa juu ya karatasi. Bamba lilidumu kwa miaka mingi, na kosa lililochongwa ndani yake lilidumu vivyo hivyo mpaka mtu alisahihishe. Ramani nyingi za kale zilinakiliwa kutoka nchi moja hadi nyingine pamoja na makosa yake. Hivyo tarehe iliyochapwa juu ya ramani si lazima iwe tarehe ya vipimo vyake.

Latitudo: kazi iliyo rahisi

D'Après alikuwa mmoja wa Wafaransa wa kwanza kutumia oktanti, chombo kilichobuniwa na John Hadley wa Uingereza mwaka 1731. Kwa msaada wa vioo viwili, oktanti huliteremsha jua machoni mwa mpimaji mpaka liguse upeo wa bahari, na pembe husomwa katika kipimo chake hata kama merikebu inayumba.

Tuchukue siku ya tarehe 21 Machi, au siku iliyo karibu nayo, jua linapokuwa juu ya Ikweta. Siku hiyo saa ya adhuhuri kimo cha jua juu ya upeo ni 90° kutoa latitudo ya mahali. Kwa Kilwa:

90° – 8°58' = 81°02'

Kwa Mpemba, iliyo karibu na latitudo 9°15' kusini:

90° – 9°15' = 80°45'

Tofauti ni dakika 17 za pembe tu. Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani meta 1,852. Kwa hiyo Mpemba iko kusini zaidi ya Kilwa kwa maili 17 za baharini, au karibu kilometa 31.

Mwanafunzi asiye na oktanti aweza kutumia kivuli. Fimbo ya meta 2, ikisimamishwa wima siku hiyo, itatoa kivuli cha adhuhuri chenye urefu wa karibu sentimeta 32.6 huko Mpemba, na karibu sentimeta 31.6 huko Kilwa. Vivuli vyote viwili vitaelekea kusini, kwa kuwa jua liko upande wa kaskazini. Sentimeta moja ya kivuli ndiyo inayotenganisha sehemu hizo mbili kwa latitudo. Siku nyingine za mwaka huhitaji jedwali linaloonyesha jua liko nyuzi ngapi kaskazini au kusini ya Ikweta. Majedwali hayo yalikuwako tangu zamani, na kwa sababu hiyo nahodha mwangalifu wa mwaka 1776 aliweza kuijua latitudo yake bila kosa kubwa.

Longitudo: kazi iliyo ngumu

Mpemba iko karibu na longitudo 32°50' mashariki ya Greenwich, na Kilwa 39°30'. Tofauti ni 6°40'. Katika latitudo hiyo nyuzi moja ya longitudo ni karibu kilometa 110. Hivyo kutoka Mpemba mpaka Kilwa, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilometa 730. Hata hivyo jua la adhuhuri halisemi lolote juu ya umbali huo. Hupita juu ya Kilwa, halafu hupita juu ya Mpemba kwa kimo kilekile kasoro dakika 17 za pembe.

Kitu kimoja tu hutofautiana, nacho ni wakati. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, au nyuzi moja kwa dakika 4. Kwa hiyo adhuhuri ya Mpemba huchelewa kuliko ya Kilwa kwa:

6°40' × dakika 4 = dakika 26 na sekunde 40

Mtu anayeijua saa ya Kilwa wakati jua lipo katikati ya mbingu ya Mpemba, ameijua longitudo ya Mpemba. Kanuni hii ilifahamika zamani. Kilichokosekana kilikuwa saa isiyopotea baharini. Saa za pendulumu ziliharibiwa na kuyumba kwa chombo, na joto na baridi vilibadilisha mwendo wa saa za kamani. Kosa la dakika 4 tu katika saa lilitosha kuiweka merikebu kilometa 110 mbali na mahali ilipo. Mwingereza John Harrison alitengeneza saa iliyoshinda shida hiyo, nayo ilijaribiwa safarini miaka ya 1761 na 1762. Lakini kwa muda mrefu baadaye saa za namna hiyo zilikuwa chache na za bei kubwa.

D'Après alifuata njia nyingine. Mwaka 1750 alimsafirisha mwanafalaki Nicolas-Louis de Lacaille kwenda Rasi ya Tumaini Jema, na wote wawili walikuwa miongoni mwa watu waliojaribu kupima umbali wa mwezi kutoka kwa jua au nyota. Mwezi huhama haraka mbele ya nyota, mithili ya mkono wa saa mbele ya tarakimu zake. Aliyepima umbali huo na kufanya hesabu ndefu aliweza kuijua saa ya mji wa mbali. Njia hiyo ilihitaji mbingu iliyo wazi, mkono uliotulia na mtu aliyezoea hesabu. Kwa hiyo haikutumiwa na manahodha wengi.

Wengi waliendelea na desturi ya zamani ya kuifuata latitudo. Nahodha aliyetoka Île de France alipita kaskazini ya Bukini, akatafuta latitudo ya Kilwa akiwa bado mbali baharini, halafu akaelekea magharibi moja kwa moja mpaka aione nchi. Hatari ilikuwa katika mkondo wa bahari. Katika pwani ya Tanzania mkondo huelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi huzidi nguvu. Chombo kilichoachilia kusukumwa kiliweza kuukosa mlango wa Kilwa na kujikuta kuelekea miamba ya Mafia. Ndiyo maana ramani iliyoonyesha umbo la vilima, miti na visiwa vya ufuoni ilithaminiwa kuliko iliyoonyesha mistari mitupu.

Greenwich na Paris

Anayesoma ramani ya kale ya Kifaransa hana budi kuuliza kwanza: longitudo imehesabiwa kutoka wapi? Wafaransa walihesabu kutoka katika jumba lao la falaki la Paris. Mwaka 1884 mkutano wa mataifa huko Washington ulichagua Greenwich, lakini Ufaransa haikuukubali uamuzi huo mara moja, na saa ya Greenwich iliingizwa katika sheria zake mwaka 1911. Paris iko 2°20' mashariki ya Greenwich. Hivyo ramani sahihi yenye longitudo za Paris itaiweka Kilwa kwenye:

39°30' – 2°20' = 37°10'

Msomaji akisahau tofauti hiyo ataisogeza Kilwa magharibi kwa karibu kilometa 256. Bandari itakuwa imehamia bara, upande wa mashariki wa Mahenge, mahali pasipo hata tone la maji ya chumvi. Wapo watu wanaozicheka ramani za kale kwa makosa ya namna hiyo, kumbe kosa ni la msomaji.

Kina cha maji

Tarakimu ndogo zilizotawanyika katika mlango wa bandari ni vipimo vya kina. Zilipatikana kwa bildi, yaani kipande cha risasi kilichofungwa katika kamba yenye alama. Chini ya bildi palipakwa shahamu, na shahamu hiyo ilinasa sehemu ya kilichopo chini: mchanga, matope au vipande vya matumbawe. Kwa hiyo kando ya tarakimu mara nyingi ziko herufi. S ni ya sable, yaani mchanga. V ni ya vase, yaani matope. R ni ya roche, yaani mwamba. Herufi hizo hazikuwa pambo. Nanga hushika vizuri katika matope, huteleza juu ya mwamba, na kamba yake hukatwa na matumbawe.

Kipimo cha Wafaransa kiliitwa brasse, jina lililotokana na neno lao la mkono. Mswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwani pima nayo ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na mabaharia wa pwani walipima kina kwa pima kabla ya kuona ramani yoyote ya Ulaya. Lakini mikono ya mataifa haikuwa na urefu mmoja. Brasse ilikuwa na futi 5 za Kifaransa, sawa na meta 1.624. Pima ya Kiingereza ina futi 6 za Kiingereza, sawa na meta 1.829.

Tuchukue mfano wa kipimo cha 4. Kwa Mfaransa ni meta 6.5. Mwingereza akiisoma kama pima zake atadhani ana meta 7.3. Merikebu iliyozama meta 7 majini ingepita salama katika karatasi yake na kugonga mwamba katika bahari yenyewe. Tofauti ni sentimeta 82 tu.

Jambo la pili ni maji kujaa na kupwa. Katika pwani ya Tanzania maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya maji makubwa na maji madogo hupita meta 3. Kipimo kilichochukuliwa maji yakiwa yamejaa humdanganya anayeingia maji yakiwa yamekupwa. Ramani za leo hueleza vipimo vimehesabiwa kutoka usawa gani. Ramani nyingi za kale hazikueleza. Msomaji mwangalifu asizilinganishe tarakimu za karne ya 18 na za leo na kusema kwamba bandari imejaa mchanga, kabla ya kubadilisha vipimo na kufikiria maji kujaa na kupwa.

Umbo la bandari lilivyopimwa

Wapimaji hawakuweza kuivutia kamba bandari nzima. Walipima mstari mmoja ufuoni, kisha kutoka ncha zake mbili wakapima pembe za kuelekea kila rasi, mti mkubwa au mnara. Pembetatu moja ilizaa nyingine, na nchi ikachorwa bila kukanyagwa.

Jaribio hili lafanyika katika uwanja wowote wa shule. Mstari AB una urefu wa meta 200. Mti C unaonekana kutoka A kwa pembe ya 60°, na kutoka B kwa pembe ya 75°. Pembe ya tatu ni 45°. Kwa kuchora kwa skeli, au kwa hesabu ya pembetatu, umbali AC ni karibu meta 273 na BC ni karibu meta 245. Mwanafunzi akiukosea mstari wa kwanza kwa meta 2, kila urefu unaofuata utakosewa kwa asilimia 1. Hivyo ndivyo bandari nzima ilivyoweza kuchorwa kwa umbo zuri na ukubwa usio sahihi.

Dira nayo ilihitaji uangalifu. Sindano yake haielekei kaskazini halisi, na tofauti hiyo hubadilika kutoka mahali hadi mahali na kutoka mwaka hadi mwaka. Waridi la dira katika ramani ya mwaka 1775 halifai kuongozea chombo leo, hata kama kila mstari wake ulichorwa kwa usahihi.

Yale ambayo ramani haisemi

Ramani yaweza kuwa sahihi kwa kila tarakimu na bado ikaficha mengi. Jambo la kwanza linalofichwa ni wenye elimu. Nahodha mgeni hakuingia Kilwa kwa ramani peke yake. Palihitajika rubani wa mahali hapo, mtu aliyejua fungu lililosogea baada ya kusi na mwamba unaotokeza maji yanapokupwa. Elimu ya marubani hao iliingia katika karatasi za Lorient, lakini majina yaliyochapwa ni ya manahodha na wachoraji. Taarifa za Morice zilitaja pia bahari ya maji baridi iliyo mbali bara, ambayo wanahistoria huihusisha na Ziwa Nyasa. Habari hiyo hakuipata kwa oktanti. Aliambiwa na watu waliosafiri au waliosikia kwa wasafiri.

Jambo la pili ni watu wenyewe. Ramani ya bandari huishia ufuoni. Haionyeshi njia zilizotoka Ziwa Nyasa, zilizotumiwa na wafanyabiashara Wayao na wengineo, wala vijiji vilivyopoteza watu. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliifikia hata nchi iliyo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ambamo Mpemba imo. Wakati huo Kilwa Kivinje, kaskazini ya Kilwa Kisiwani, ndiyo iliyokuwa mlango mkubwa wa biashara hiyo. Utumwa ulikomeshwa Morisi mwaka 1835 na Réunion mwaka 1848. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Miongoni mwa wazao wa watu wa visiwa hivyo wapo wengi ambao wahenga wao walipita katika milango ya bahari iliyopimwa kwa pima, kwa bildi na kwa shahamu.

Je, sayansi ilaumiwe? Njia ya kupima latitudo haibadiliki kwa nia ya mpimaji. Ramani ileile iliyomwongoza mchukuzi wa watumwa yaweza kumwokoa mvuvi. Lakini swali la kipimo kinafanywa kwa ajili ya nani, na nani analipa gharama yake, ni swali halali la sayansi, na mwanafunzi anayejifunza kupima ana haki ya kuliuliza.

Faida yake leo

Kati ya mwaka 1822 na 1826 Mwingereza W. F. W. Owen aliipima pwani ya Afrika Mashariki akiwa na saa za baharini, na ramani za Kifaransa za karne ya 18 zikaanza kuachwa. Leo nafasi ya chombo hupatikana kwa setilaiti. Hata hivyo ramani hizo si takataka. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, kisha yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu mwaka 2004 hadi 2014. Miongoni mwa maadui wake ni mawimbi yanayokula ufuo. Mtaalamu anayetaka kujua ufuo ulikuwa wapi zamani huhitaji ushahidi wa zamani, na ramani ya kale ni shahidi mmojawapo. Kama mashahidi wote, yapasa ahojiwe: alipima lini, kwa kipimo gani, kutoka meridiani ipi, na maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa.

Mazoezi

1. Karibu na tarehe 1 Septemba saa ya jua na saa ya ukutani hukubaliana, bila kuhesabu tofauti ya longitudo. Simamisha fimbo wima, chora duara kuizunguka, na andika saa ambapo ncha ya kivuli inaligusa duara kabla ya adhuhuri na baada yake. Wakati ulio katikati ni adhuhuri ya mahali. Saa ya Tanzania hufuata longitudo 45° mashariki. Huko Mpemba adhuhuri yatarajiwa saa ngapi?

2. Mwanafunzi wa Mpemba amekosea dakika moja katika zoezi la kwanza. Amekosea kilometa ngapi kwa longitudo?

3. Ramani ya Kifaransa inaonyesha kina cha brasse 12. Ni meta ngapi? Mwingereza akizisoma kama pima zake atadhani ni meta ngapi?

4. Mabaharia wa Kifaransa walihesabu lieue 20 za baharini katika nyuzi moja ya latitudo. Lieue moja ni kilometa ngapi?

5. Jadilini darasani: iwapo ramani ya bandari ingechorwa na rubani wa Kilwa wa mwaka 1776, ni mambo gani angeyaonyesha ambayo nahodha mgeni hakuyaona kuwa na maana?

Majibu: (1) Tofauti ya 12°10' ni dakika 48 na sekunde 40, hivyo karibu saa 6 na dakika 49 mchana. (2) Dakika moja ya saa ni robo ya nyuzi, karibu kilometa 27.5. (3) Meta 19.5, atadhani ni meta 21.9. (4) Karibu kilometa 5.56.